Kusaga Hewa

Bi Eliaichi aliingia gereji Jumatatu, mkoba kwapani,
hakuanza na habari za asubuhi.
Alisema: "Noah imenipita kilima cha Sakina.
Ina kuku juu ya keria, matenga manne.
Kuku wameniangalia."

Gari lake lina milango miwili na viti viwili,
jekundu la pilipili iliyoanikwa.
Alilinunua kwa kiinua mgongo
cha miaka thelathini na mmoja ya kuhesabu pesa za watu
nyuma ya kioo cha benki.
Watoto walitaka ajenge vyumba vya kupangisha.
Yeye akanunua upepo.

Sasa upepo ulikuwa hautoshi.

Sanduku lilifika baada ya wiki sita.
Ndani, supachaja, nzito kama mtoto wa miezi tisa,
na karatasi za maelekezo zenye picha
za gari la nchi ambako dereva hukaa kushoto.
Kwenye picha, upande ule wa injini ni uwanja,
ungeweza kuanika mahindi.
Kwetu kulia kumejaa: fimbo ya usukani inashuka hapo,
na hidrovaki ya breki, bakuli jeusi,
imekaa kama mwenye hati ya kiwanja.

Nikaiweka, ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma.
Nikaipeleka karatasi kwenye kioo cha Fuso la jirani
ili kushoto kuwe kulia.
Kukawa. Injini ikabaki vilevile.

Loserian, mchomeleaji, akazima mashine yake,
akachana boksi la soda.
"Chuma kikikosea ni hela," alisema.
"Boksi likikosea ni boksi."
Tulikosea maboksi saba.
La nane likapita, likaacha kati yake na hidrovaki
upana wa kidole kimoja,
kidole cha Loserian, siyo changu.

Puli tulichongewa na Mbise wa kerezo,
hukohuko Unga Limited, fundi wa vinu.
Akapima mara mbili. "Ya dona au ya sembe?"
"Ya hewa."
Akaivua miwani.

Ndiyo, Mbise. Huku juu hewa ni nyepesi,
injini inaivuta kama soda iliyobaki kwenye barafu.
Hii inaikamata, inaikunja, inaishindilia silindani
mpaka iwe lumbesa.
Halafu petroli iongezwe, moto urudishwe nyuzi nne nyuma,
maana hewa nyingi na mafuta haba
hutoboa pistoni.
Nililijua hilo kwenye gari la mtu. Simtaji.

Alhamisi, saa mbili usiku, tukawasha.
Ng'iiiii, kutoka chini ya boneti.
Mama wa nyumba ya pili akatoka na debe la mahindi,
akasimama getini,
akauliza foleni inaanzia wapi.

Ijumaa tulipanda Sakina, yeye usukani, mimi pembeni,
spana bado mfukoni.
Gia ya tatu. Kiti kikanisukuma mgongoni
kama mtu anayenidai.
Na mbele, sikudanganyi, Noah.
Matenga manne.
Bi Eliaichi akawasha indiketa. Hakusema neno.
Tukaanza kutoka
na pale penye kivuli, nguo nyeupe, tochi imeelekezwa kwetu.

Akakanyaga breki.
Hidrovaki ikaitika, bakuli lile lile
lililokataa kusogea hata unywele.
Nikalisamehe.

Hamsini. Arobaini na nane.
Tukarudi nyuma ya Noah, chini ya macho yale ya duara,
unyoya mmoja ukitua juu ya kioo.
Nikasubiri atukane.
"Waache watazame," alisema.
Akashusha gia ya pili,
akaongeza mafuta kidogo tu,
wasikie kinu.