Bangili ya Saba

Alikuja jioni, mvua ya Tukuyu ikinyesha kwa mazoea,
mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja.
Mke wa malafyale, Tupokigwe,
akakaa juu ya kreti la soda kibandani kwangu, nyuma ya stendi,
akafungua fundo la kitenge kwenye meza ya grisi.

Bangili sita. Shaba ya zamani, nene,
zimelika upande wa ndani
kwa mikono ya wanawake wanne waliozivaa kabla yake.

"Zilikuwa saba," akasema,
na mvua ikamalizia sentensi juu ya bati.

Mimi nasuka mota. Pampu, mashine za kusaga,
feni hapana, huku nani ana feni?
Sijawahi kumvisha mtu kitu.
Lakini sonara yuko Mbeya mjini,
na sonara yule ana mdomo, na mdomo wake una wateja.

Ya saba ilikwenda wapi sikuuliza.
Mwaka juzi Lusajo wao alipasuliwa Hospitali ya Rufaa.
Ng'ombe wa ukoo hauzwi mpaka wakae watu kumi na wawili,
wanywe, wabishane, waahirishe.
Bangili haina kikao.

"Jumamosi anakuja mgeni rasmi.
Nitakaa mbele. Nitainua mkono huu."
Nikamwambia: hizi sita nitazing'arisha, nani atahesabu?
Akanitazama kama mtoto aliyevaa shati kinyume.
"Wageni wataangalia, fundi. Bibi zetu watasikiliza."

Akazivaa zote, akateremsha mkono taratibu:
sauti ikashuka ngazi, ikafika mahali,
ikakanyaga hewa.

Nikajaribu waya wa mota. Ukatoka bubu.
Nikajaribu kitasa, kikalia kama kifuniko cha sufuria.
Usiku wa Alhamisi nikaikumbuka koki ya bomba la shule ya misheni,
niliyoiokota walipoleta za plastiki
nikaitia kwenye kopo la misumari, bila sababu.
Nikaiyeyusha kwa makaa na kipulizo nilichokisuka mwenyewe,
nikaimimina kwenye mchanga wa Kiwira,
nikapiga tupa hadi jogoo.
Nikaining'iniza kwa uzi, nikaigonga kwa ukucha.
Nikaigonga tena, maana sikujiamini.

Jumamosi. Mahema ya kukodi, kipaza sauti kinapiga mluzi,
ukungu umewahi viti vya mbele kabla ya waalikwa.
Mke wa mgeni rasmi alivaa lulu masikioni
na mkufu mwembamba wa dhahabu,
vitu vizuri, vya kupendeza, havikusema neno.
Kisha Tupokigwe akasimama.
Akainua mkono wa kushoto, akauachia ushuke.

Saba.

Wapiga picha walikuwa bado kwenye lulu.
Lakini safu ya tatu, kina mama wa khanga zilizopauka,
vichwa vikainama pamoja kama migomba upepo ukipita,
vikahesabu, vikainuka.
Kimoja tu, cha Bibi Ndimbumi, kikabaki upande.

Jumatatu akaja kibandani na redio isiyoharibika.
Akaiweka mezani. Akaliangalia kopo la misumari.
"Ile ya mwisho," akasema, "ina maji ndani yake. Bomba la wapi?"
Uongo ulikuja mbio, ukakuta mdomo umeshafunguka:
"La misheni. Lile la chini ya mkaratusi."

Akacheka mpaka akashika meza.
"Basi nimelinywa hilo miaka saba,
asubuhi na jioni, foleni, miguu peku kwenye baridi."

Akachukua redio yake.
Mlangoni akasema ndaga,
na hadi leo sijui alikuwa ananishukuru mimi
au bomba.