Kasi Mara Kumi

Jumanne alikuja Iolanda na gari la kampuni,
akatoboa ukuta wa nyumba yangu,
mawe ya mlima, unene wa dhiraa moja na nusu,
akapitisha uzi wa kioo mwembamba kama unywele,
akaacha kisanduku cheupe chenye taa nne za kijani.
"Kasi mara kumi, mzee Anselmo."
Kahawa yake hakuimaliza.

Mimi nilipanda nguzo miaka thelathini na mmoja.
Nilivuta shaba kutoka Bragança hadi vijiji
ambavyo hata posta ilivisahau.
Shaba ikiugua utajua: inakoroma sikioni,
inaota kutu ya kijani kwenye maungio,
unaikwangua, unaifunga, inapona.
Kioo hakikoromi.
Kioo kinanyamaza kama karani wa ofisi ya kodi.

Jumatano kompyuta ikasema: umeunganishwa.
Ikasema pia: hakuna intaneti.
Yote mawili, mstari mmoja, bila haya.
Nikazima. Nikahesabu hadi thelathini. Nikawasha.
(Hivyo ndivyo tulivyowaambia wateja wetu
tulipokuwa hatujui.)
Nikatoa waya wa bluu, nikachomeka wa kijivu.
Nikabeba simu chumba hadi chumba
kama mtu anayefuata harufu ya gesi:
ukumbini pau nne, jikoni mbili,
chumbani kwa Deolinda patupu,
na Deolinda kaketi kitandani, kavaa koti la kutokea,
midomo kaipaka rangi, saa moja kamili,
anamsubiri Lídia wa Luksemburg
amwoneshe pengo la jino la mbele.
Uso wa mtoto ukaja nusu, ukaganda,
ule upande usio na pengo.
"Afadhali waya zako," Deolinda akasema.
Miaka arobaini na minne ya ndoa,
na hiyo ndiyo sifa ya kwanza kwa kazi yangu.

Alhamisi usiku, macho darini,
nikakumbuka kabati la viatu.
Nyuma ya mwavuli, kisanduku cheusi cha zamani,
kile alichofunga Adérito kabla hajahama,
kilikuwa bado kinapepesa.
Hakuna aliyekiambia kazi imekwisha.
Kiligawa anwani kama kawaida,
na kipya kikigawa zake,
na printa, na simu, na televisheni
zikapokea amri mbili, zikasimama njia panda.
Mafahali wawili, zizi moja.

Niliketi sakafuni na soksi zangu.
Ningeweza kukichomoa tu.
Lakini kuchomolewa nakujua:
mimi waliniaga kwa barua ya mistari mitatu.
Basi nikavaa miwani, nikasoma kibandiko,
nikanakili jina lake, na nywila ya Adérito,
jina la mbwa na mwaka aliokufa,
nikampa mrithi vyote viwili.
Kisha ndiyo nikachomoa.

Nyumba nzima ikaitika jina ililolizoea.
Simu ikatetemeka mfukoni.
Na gizani printa ikaamka, ikasafisha koo,
ikatema ukurasa niliouagiza tangu Jumatano:
"Ufanye nini mtandao wako ukikataa."

Nimeukunja mara nne,
nimeuweka chini ya mguu wa meza unaocheza.

Chumbani kwa Deolinda bado pau moja, tena ya kuhesabia.
Mawe ni mawe, hayajui kasi.
Kesho nashusha keekee kutoka darini:
waya, mita tisa, tundu moja ukutani.
Hiyo naijua.