Irabu Moja

Maelezo ya kwanza ni ya Jumanne,
kurasa mbili, wino wa buluu, mwandiko unaokimbia.
Maelezo ya pili ni ya Ijumaa, saa kumi alfajiri,
kurasa saba, yamechapwa, hayana hata kosa la koma,
na chini yake sahihi ya Guyo Halakhe imepanda mlima
kama ya mtu aliyeshikwa kiwiko.
Au aliyesinzia. Sijui. Nisijifanye najua.

Milimani imenyamaza.
Bi Mwikali, karani wangu, ameniachia chai kwenye chupa
na kuniambia: Mheshimiwa, geti linafungwa saa mbili.
Nimebaki na faili, taa inayotetemeka
na neno moja.

Jumanne kijana anasema: nilipakua.
Fundi simu wa Luthuli, miaka ishirini na miwili,
watu humletea simu zilizokufa, yeye huokoa vilivyomo:
picha za harusi, risiti, mahubiri, sauti za marehemu.
Huvipakua kwenye kompyuta, simu ikipona huvirudisha.
Vingine husahau kuvifuta.

Ijumaa anasema: nilipakia.
Nilipakia ili ndugu wauone ukweli.
Ndugu. Ukweli. Maneno yaliyovaa suti.
Jumanne hakusema hivyo. Jumanne alisema "hiyo kitu".

Inspekta Kithinji aliapa, kola imenyooka:
Hakuguswa. Alikula wali. Alisema kwa hiari yake.
Nikauliza wali ulipatikana wapi saa hiyo.
Akatazama dari. Hoteli ya ng'ambo, akasema.
Kitabu cha matukio kinasema mjomba aliingia kituoni
saa kumi na mbili na robo;
karatasi inasema alishuhudia yote tangu saa kumi.
Mzee mwenyewe alijibu kwa Kiborana, sentensi fupi,
na mkalimani akatafuta neno, akalikosa, akalipata:
"Anasema alikuta wino umekauka."

Basi si rahisi? Tupa kurasa saba, mwachilie, ukalale.

Lakini ile video nimeitazama. Hakimu hafumbi macho.
Dakika kumi na moja, sauti tamu ya kijana akiimba,
kisha mtu amepiga magoti mchangani
na soksi zake hazilingani,
moja nyeusi, moja ya kijivu.
Nilijikuta nafikiria asubuhi ile, alivyopekua droo,
akasema potelea mbali, nani ataniangalia miguu.

Na kila siku ya kesi Bi Awino hukaa benchi la nyuma.
Mwanawe hayumo humo; alikufa katika jingine,
mwaka mwingine, lakini huja na mkoba wake wa ukindu,
hutoa miwani, huivaa, hasomi chochote.
Sidhani huja kwa chuki.
Nadhani huja kuona kama kuna mtu anayehesabu.

Kiongozi wa mashtaka alisema dalili ya mvua ni mawingu.
Wakili akainuka: Mheshimiwa, mawingu hayafungwi jela.
Watu wakacheka. Nikawanyamazisha,
nami nikiwa nataka kucheka, au kulia.

Narudi kwenye kurasa mbili za Jumanne, na kioo cha kukuzia.
Konstebo aliandika mbio.
U yake haikupanda vizuri upande wa kulia,
na juu yake pana nukta, hafifu,
labda ya kalamu, labda ya nzi.
Ukiitaka iwe i, itakubali.
Sikuwa nimeiona. Miezi minne sikuwa nimeiona.

Chai imepoa. Naandika: "Mahakama inayakataa maelezo ya Ijumaa."
Chini yake naandika "hata hivyo",
kalamu inasimama hapo,
hadi askari wa geti anagonga kwa funguo zake.

South B, saa tatu na nusu.
Kerubo, mwanangu, yuko jikoni, mwiko mkononi, sufuria wazi.
"Mama, nikupakulie?"
Nimesimama mlangoni, mkoba begani.
Rudia, nikamwambia.
Akarudia, akinitazama kama anayemtazama mgonjwa.
"Tena," nikasema. "Polepole."