Neno la Kwanza

Sikuanza na salamu.
Nilianza na *yut*,
siku mkanda ulipoudaka mkono wa shati la Okecho
na fundi mgeni akapiga kelele, *yut, yut!*
nasi tukamtazama mdomo
kama watu wanaotazama mvua ya mbali.
Aliruka mwenyewe akazima.
Shati lilibaki humo. Okecho alitoka kifua wazi, mzima.
Jioni nikachana mfuko wa saruji,
nikaandika kwa herufi zangu:
*yut* – simama.

Mimi ni Adikini, mpima mchele,
kinu cha Nagongera, njia ya Tororo.
Mashine ilikuja na vitufe
vyenye maandishi ya vikuku na mikia,
kama choroko zinazoanza kuota.
Fundi alikuja nayo, wa miezi mitatu.
Kwao humwita Lek, yaani Mdogo,
naye huinama kupita mlango wa stoo.

Darasa lilikuwa chakula cha mchana.
Nanyoosha kidole, anataja.
Maji, *nam*. Pilipili, *phrik*.
Mchele, *khau*.
Goti, *khau*.
Nyeupe, *khau*. Habari, hiyo nayo *khau*.
Nikamwambia, Mdogo, unanichezea.
Akashusha kiganja, akakipandisha,
akakilaza hewani kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe.
Kiswahili changu kikagoma hapo;
kimezoea kukanyaga silabi moja, ya pili kutoka mwisho, basi.
Ila Dhopadhola ya bibi yangu,
ile niliyochapwa shuleni kwa kuisema,
iliamka kooni ikapanda ikashuka
bila kuulizwa.
Lek akaacha kutafuna.
Sema tena, akaashiria.

Wiki mbili nilimalizia kila sentensi kwa *khap*,
maana ndivyo nilivyomsikia.
*Sawadi khap. Khop khun khap.* Asante, asante.
Alivumilia, kisha siku moja akacheka hadi machozi:
*khap* ni ya wanaume.
Mwanamke husema *kha*.
Nikafikiri: miaka sita ya ujane,
nimelipa karo, nimeezeka bati, nimetupa magunia begani,
kumbe kuna lugha iliyoniona.
Nikafuta *khap* zote daftarini.
Moja nimeibakiza
ya kubishania bei na madalali.

Okecho alishika moja tu: *mai pen rai*, si neno.
Alipewa pamoja na shati jipya.
Sasa huitumia akichelewa kazini.

Lakini hili sikulitarajia.
Jua limezama nyuma ya maghala,
saa ya ofisini imeandika kumi na tisa,
Lek anafunga sanduku la spana, ananambia, *nung thum*.
*Nung*, moja?
Moja.
Saa moja ya usiku?
Akatikisa kichwa kukubali, hakuona cha ajabu.
*Song thum*, saa mbili. *Sam thum*, tatu.
Nikakaa juu ya gunia.
Bahari nzima katikati,
na huko nako kuna watu ambao giza likiingia
huanza kuhesabu upya, kwa moja, kama sisi.
Sikuandika hilo. Halikuhitaji karatasi.

Aliondoka mwezi wa maua ya kahawa.
Nimebandika karatasi chini ya kila kitufe: *poet*, washa. *Pit*, zima.
*Yut* nimeiandika kwa rangi nyekundu,
na vijana wapya hujifunza hiyo kabla ya jina langu.

Jana simu ililia nikiwa nasukuma sufuria mekoni.
Kwangu *nung thum*. Kwake *ha thum*, saa tano,
mtu wa mashine angekuwa amelala.
Hakuuliza mkanda, wala grisi.
Aliuliza lile waulizalo kwao badala ya hujambo:
*Kin khau ru yang?*
Umeshakula wali?

Nikatazama maji, hayajachemka.
Nikapekua kichwani, daftari liko kinuni,
nikalipata neno limekaa palepale penye letu,
fupi, lisilofunga mlango:
*Yang, kha.*
Bado.