Daftari la Ijumaa

Jumapili yetu huangukia Ijumaa.
Mgeni akiambiwa hucheka. Akikaa mwezi, hacheki tena,
maana Jumapili yenyewe yuko jikoni Al Khuwair
anamenya vitunguu vya watu kumi na wanne.

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa dada Mghoi,
herufi zimeinama kama mtu aliyebeba ndoo:
*Ruwi, chumba cha kufulia, ghorofa ya tatu. Tulikuwa watatu.
Sadaka baisa mia nne. Tuliimba kwa kunong'ona.*
Hakuandika kwamba mashine ilikuwa inazunguka tupu,
bila hata soksi ndani, iwafunike sauti.
Hilo alinisimulia mwenyewe. Mpaka leo, alisema,
akisikia mashine ya kufua, "Amina" humtoka bila kuitwa.

Ijumaa ya tano mlango ukagongwa.
Bi Zuwena, mwenye nyumba, mzaliwa wa Mkunazini,
Kiswahili chake kimekunjwa kama kanga ya sandukuni:
"Enyi, mwamwomba Mungu wima mchana kutwa? Hamna cha kukalia?"
Akaacha mkeka mlangoni. Hakuingia, wala hakuuliza tena.
Mkeka ule tunao. Umefumuka pembeni.

Halafu tukapata zamu katika uwanja wa makanisa,
baada ya Wamalayali, kabla ya Wafilipino,
saa nane hadi saa kumi kasorobo.
Tunaingia asumini ya nywele zao ingali hewani,
tunatoka ubeti wa mwisho ungali mdomoni,
tunaumalizia kwenye maegesho, katikati ya magari yanayochemka.

Thelathini na mmoja. Sitini. Mia na sita.
Yeremia, fundi wa viyoyozi, alibatizwa Agosti
ndani ya tangi la plastiki. Maji yalikuwa moto wa kuchemshia yai;
tukatia mifuko miwili ya barafu kutoka duka la samaki.
Alitoka ananukia jodari, ameokoka.

Mwaka wa barakoa kurasa ni nyeupe,
ila tarehe. Kila Ijumaa, tarehe.
Zefania aliziandika peke yake, ndani ya kibanda cha ulinzi,
na mbele ya kila moja: *Tulikuwa mmoja.*

Kisha kuna safu ya kulia, niliyoikuta nami nikaiendeleza.
Mkataba umekwisha. Mama mgonjwa. Amehamia Doha.
Amerudishwa usiku, Biblia yake iko kwangu.
Mkataba umekwisha. Mkataba umekwisha.
Makanisa ya kwetu yana makaburi nyuma na harusi mbele.
Sisi hatujazika mtu, hatujafungisha ndoa hata moja;
tunachojua ni kupima mabegi kwenye mizani ya bafuni
na kuimba hadi pale askari anaposema, wenye tiketi tu.
Mchungaji wa Dodoma aliniuliza kwa simu, mnakua?
Nikatazama daftari. Sikujua nihesabu safu ipi.

Mwezi ujao nami najiandika kulia.
Jana alikuja msichana, Nkirote, viatu vya bosi wake miguuni,
ruhusa ya saa mbili, dereva anamngoja nje.
Akasimama kizingitini: "Ndipo hapa?"
Nikamwonyesha mkeka.
"Una mwandiko mzuri?"
"Mbaya sana, dada."
"Basi sogea huku," nikamwambia. "Shika kalamu."