Funguo Kumi na Moja

Aikande amenitumia picha kutoka Ufaransa:
kijiji juu ya kilima, mawe juu ya mawe,
lango ambalo punda hupita kwa kujibana.
"Kina miaka mia nane," anasema,
upepo ukimkatakata maneno.
"Tumepanda na tajiri yangu na watoto wake.
Nimehesabu milango thelathini na mmoja.
Dohani moja tu inatoa moshi.
Kuna bibi anauza jibini. Na paka."

Nami niko Kidia, na ushanga wa chuma kiunoni:
funguo kumi na moja, hata mmoja si wangu.

Jumanne ni siku ya kuzipa nyumba pumzi.
Naanza kwa Ndelilio, aliyeko Mwanza.
Kitasa kinagoma; nakibembeleza kwa mafuta ya kupikia.
Ndani, sofa zimevikwa mashuka
kama maiti zilizoketi kungoja wageni.
Nafungua dirisha. Mjusi ananitazama
jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mdeni.

Kwa Mwalimu Anasiria saa ya ukutani
ilisimama Januari, magari yalipoteremka.
Kwa Elirehema, ghorofa mbili, vyumba tisa,
bafu ambalo bado lina nailoni ya kiwandani.
Desemba patajaa: nyama, vicheko,
ugomvi wa mpaka, kisha nyama tena.
Halafu nakabidhiwa funguo, na elfu kumi,
na "utuangalizie."

Kati ya nyumba na nyumba naufuata mfongo.
Waliouchimba hawakuacha majina. Waliacha mteremko,
walioupima kwa jicho tu, polepole,
hata maji yakadhani yamejichagulia njia.
Leo ni zamu ya kihamba cha Ombeni.
Ombeni yuko Dar.
Maji yanafika, yanakuta majani makavu,
yanasimama kidogo kama mgeni aliyebisha hodi,
yanapita.

Ukingoni, mji wote uko chini yangu:
mabati yakimetameta, kisha miwa,
kijani hadi jicho linapochoka.
Mtoto wangu yuko huko, kwenye duka la vipuri.
Ananiambia, mama, shuka.

Simu tena. "Na kwetu? Umeshafungua kwetu?"
"Nimefungua," nasema,
nikiwa bado nje, kati ya masale,
ufunguo wa kumi na moja ukipata joto kiganjani.
Tangu tumzike mama yake sijaingia jikoni mle.

Naingia.
Mafiga matatu, kipande cha sabuni,
kanga yake msumarini.
Nakusanya magome ya migomba, vijiti vya kahawa,
napiga kiberiti, napuliza mpaka machozi yanatoka,
na nani atasema ni ya nini?

Kisha natoka, narudi nyuma hadi kwenye mfongo,
naipiga nyumba picha: bati, migomba,
na juu yake, mwembamba, umepinda kidogo,
moshi.

Namtumia. Siandiki neno.
Na kwa kuwa moto umekwishawaka,
natafuta ndizi ya kuchoma.