Kasoro ya Ukurasa wa Tisa

Nimelimaliza daftari lako, Mhando,
nikingoja pasi ishike moto
hapa barazani, Barabara ya Kumi na Tano.
Jivu limeangukia jina lako; niwie radhi.

Sasa nikuulize.
Ukurasa wa tatu, Ngwamizi kapewa ungo wa kuruka,
kama wa wachawi, ila wa heri.
Ukurasa wa tisa mamake yu taabani, anamngoja,
naye anarudi kwa miguu, siku arubaini,
miba, chui, mto wenye meno.
Ungo uko wapi? Umeliwa na mchwa?

Na yule bawabu wa jini
aliyemwibia ufunguo, akamficha mtungini:
kakatwa kichwa, mstari mmoja tu,
na shujaa wako, hata pole,
kaenda zake kuoa.
Huyo mimi simwiti shujaa.
Namwita mtu mwenye upanga.

Mto wenye meno nimeupenda. Usiufute.

Ukanyamaza, unanyonya kidole chenye wino.
"Ungo anao," ukasema. "Uko chini ya kitanda chake."
Basi mbona haupandi?
"Dada, baba yuko Muheza.
Mabasi yanatoka kila saa.
Nauli anayo."

Kola ya shati la watu ikaungua.
Nilipoinua pasi, pale palikuwa na pembe tatu
ya rangi ya chai.

Nikachukua kifutio,
nikaifuta alama yangu ya kuuliza
mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Ila bawabu, Mhando,
bawabu mrudie.
Mpe walau jina.